Mkwawa, "kazi yake: fuvu". Walimu wa Historia tukutane hapa

Chaki ya Kihesa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Niko Iringa, nafundisha Historia darasa la tano na la sita. Jana usiku nasahihisha majaribio ya nusu muhula, umeme ukakatika, nikaendelea kwa tochi ya simu. Nilipofika kwenye karatasi moja mke wangu alitoka chumbani kuuliza kama nalia.

Swali lilikuwa jepesi: eleza kwa ufupi maisha ya Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kijana kajibu kama anajaza fomu ya kitongoji:

"Jina: Mkwawa. Kabila: Mhehe. Alikozaliwa: Iringa. Kazi yake: fuvu."

Kalamu niliweka chini. Katika rundo hilohilo mwingine kasema "Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe na Wajerumani, kisha akakimbilia msituni." Wa tatu anasema fuvu lilikaa Ulaya miaka mingi "na likarudi nyumbani likiwa na afya njema."

Hawa si watoto wa mbali. Makumbusho ya Kalenga tuliwapeleka sisi wenyewe mwaka jana, wakaliona fuvu lake kwenye kioo, wakaandika na daftarini. Sasa naombeni mlete na ya kwenu, ila mseme pia mnadhani haya yanatoka wapi. Mimi nimeishiwa.

Ndizi za Tukuyu #2

Ugonile mwalimu. Mimi huku Rungwe nilikutana na hili: "Zama za Mawe ni kipindi ambacho watu wengi walizama kwa sababu ya kubeba mawe." Wanne walikaa dawati moja, wote wakazama. Nikajua aliyeanza ni mmoja, wengine walipiga chabo.

Sababu? Maneno yetu wenyewe. Mtoto anajua kuzama, hajui zama. Nani nyumbani anasema "zama zile"? Watu wanasema "enzi zile", "kipindi kile". Tunampa neno la kitabuni bila kulifungua.

Kalamu Nyekundu #3

Mkuu Ndizi, huko msingi mna nafuu, mnakosea kwa Kiswahili. Mimi nimefundisha sekondari Mbeya miaka tisa, na wengi wenu mtakumbuka ile mada ya kugawanywa kwa Afrika na jina lake la Kiingereza, Scramble and Partition. Kidato cha tatu, binti mtulivu kabisa, ameandika kurasa mbili kuhusu Bwana Skrambo aliyekuja Afrika "akifuatana na Patisheni". Mwisho wa insha Patisheni anabaki pwani na Skrambo anaingia bara kutafuta malighafi.

Kisa kimepangika vizuri kuliko kitini changu. Nilimpa sifuri roho inaniuma.

Konda wa Uyole #4

Mimi si mwalimu ila nimepita tu kucheka. Huyo Patisheni alibaki pwani kwa sababu ya baridi ya huku.

Ila mwalimu Chaki, nawe usiwaonee watoto. Fuvu limerudi pamoja na uhuru 1961, si ndiyo? Basi miaka yote hiyo lazima liwe na afya njema, vinginevyo lingefika vumbi.

Mzee wa Ipogolo #5

Konda, endesha gari, historia tuachie sisi. Fuvu lilirudi tarehe 19 Juni 1954, uhuru ulikuwa bado miaka saba. Gavana Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, yule ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Na lilitakiwa kurudi zamani sana. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka zaidi ya thelathini. Mkopeshaji yeyote wa mtaani hapa angeshakuja na mgambo.

Twining alilitafuta kwenye jumba la makumbusho la Bremen, kati ya mafuvu mengi. Alilichagua kwa vipimo, akilinganisha na vichwa vya ndugu zake Mkwawa waliokuwa hai. Mjukuu wangu aliandika kwenye mtihani kwamba "fuvu lilitambuliwa kwa kitambulisho". Mwalimu akamkata. Nilitaka kwenda shuleni kugomba. Vipimo vya familia ni nini kama si kitambulisho?

Konda wa Uyole #6

Nimepokea mzee, shikamoo. Nashuka kituo kinachofuata.

Parachichi la Njombe #7

Kamwene. Langu nalipenda kuliko yote niliyowahi kusahihisha. Swali: kwa nini Waafrika hawakuhudhuria Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885? Jibu la mtoto wa darasa la sita: "Kwa sababu ya nauli."

Nilicheka, halafu nikamwita. Kumbe baba yake ni mwanachama wa ushirika, kila mkutano mkuu ukiitishwa mjini anakosa kwenda, na kila mara sababu ni hiyohiyo. Mtoto hajakariri wala hajaangalizia kwa mwenzake. Amepigwa swali ambalo hakusoma, akachukua cha nyumbani kwao akakiweka pale. Kwa hiyo mkuu Ndizi, maneno magumu siyo sababu peke yake. Pale "kwa nini", "Waafrika" na "mkutano" vyote vinaeleweka.

Konda wa Uyole #8

Nimerudi. Mkutano wenyewe ulichukua muda gani?

Parachichi la Njombe #9

Kuanzia 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885.

Konda wa Uyole #10

Miezi mitatu na ushee kikaoni! Posho hiyo mnaijua lakini? Ndiyo maana hawakutualika.

Msomaji wa Soweto #11

Samahani kwa kuharibu kicheko. Konda kasema kweli kwa mzaha: hatukualikwa. Mataifa 14 yalikaa Berlin, hata Sultani wa Zanzibar hakupewa kiti. Kwa hiyo "nauli" ni kosa, ila angalau mtoto amejiuliza kwa nini viti vilikuwa vitupu.

Kosa ninaloliona mimi ni la walimu. Mnaandika ubaoni kwamba pale Berlin walitandika ramani mezani wakakata Afrika kwa rula. Hapana. Pale walikubaliana zaidi kanuni: biashara ya Kongo na Niger, na masharti ya taifa kudai pwani. Mipaka yetu ilikatwa vikao vingine, kama makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na mkataba wa Heligoland wa tarehe 1 Julai 1890. Sasa mtoto akiandika ya rula anapata vema, akiandika nauli anapata mkasi. Wote wawili hawajapatia.

Kalamu Nyekundu #12

Msomaji, mwongozo wa kusahihisha ndivyo ulivyo, mimi nani?

Mama Pacha #13

Jamani mimi ni mzazi tu, niko Mafinga. Pacha wangu mmoja aliulizwa kuhusu biashara ya masafa marefu ya Wanyamwezi na Wayao. Kaandika kwamba walitumia masafa marefu "kwa kuwa wakati huo FM ilikuwa haijafika." Baba yake ni fundi redio, mnaelewa.

Nikamuuliza pacha wa pili, wewe uliandika nini? Akasema aliandika pembe za ndovu, chumvi na shaba. Kitabu kimoja, mwalimu mmoja, kitanda kimoja. Sasa niambieni sababu ni nini hapo.

Chaki ya Kihesa #14

Mama Pacha umenimaliza. Na umenikumbusha ya mwaka juzi: tofauti ya ukoloni mkongwe na ukoloni mamboleo. "Ukoloni mkongwe ni ule wa wazee. Ulistaafu mwaka 1961. Ukoloni mamboleo ni wa vijana wa sasa, unaitikiwa poa."

Nilifaulu kwa Bahati #15

Ngoja niungame, nimeshamaliza shule hawawezi kunifuta matokeo. Walimu, mnadhani tunakosea. Wakati mwingine tunabumba kwa makusudi. Swali linataka hoja sita. Unazo tatu. Unaongeza ya nne kwa kuigeuza ya pili. Ya tano na ya sita unamwachia Mungu.

Mimi kwenye sababu za Wajerumani kuja Tanganyika niliandika malighafi, masoko, kuwekeza mitaji, halafu "hali nzuri ya hewa", halafu "ukarimu wa wenyeji". Na ya ukarimu nilipewa alama! Mpaka leo sijui msahihishaji alikuwa wapi.

Ndizi za Tukuyu #16

Nilifaulu, msahihishaji alikuwa karatasi ya mia mbili na hamsini. Usimlaumu.

Mzee wa Ipogolo #17

Turudi kwenye mada. Kuna jibu moja nataka mlipime nyie wenyewe. Miaka hiyo nafundisha, niliuliza: kwa nini Wahehe wengi hawakujiunga na Vita vya Majimaji 1905 hadi 1907? Kijana akajibu: "Walikuwa bado wamechoka."

Maneno matatu. Nilimwekea mkasi mkubwa. Usiku nikiwa kitandani nikaanza kuhesabu. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wa Kijerumani Zelewski na kikosi chake wanamalizwa kwa mikuki. Kalenga inaanguka Oktoba 1894 kwa mizinga. Kisha miaka minne ya kuwindwa porini, mashamba yanachomwa, njaa, mpaka tarehe 19 Julai 1898 Mtwa anajipiga risasi. Majimaji yanaanza miaka saba tu baadaye. Kama huko si kuchoka, basi sijui kuchoka. Asubuhi nilimwita nikageuza mkasi kuwa vema. Wanafunzi wenzake wakaanza kujibu maswali yote kwa maneno matatu.

Parachichi la Njombe #18

Mzee, Wahehe mmechoka tangu 1898 mpaka leo, tumewazoea. Sisi Wabena 1905 tulienda mpaka misheni ya Yakobi na silaha zetu. Watani wangu nyie mlikuwa mmekaa mnakunywa ulanzi.

Mzee wa Ipogolo #19

Mtani, sisi tulikuwa tumeshapigana ya kwetu. Nyie mlisubiri mpaka mletewe maji ya dawa.

Ndizi za Tukuyu #20

Hahaha hapo mzee kamaliza. Ya maji ninayo na mimi, ya Kinjikitile, yule mganga wa Majimaji aliyegawa maji ya kuzuia risasi: "Kinjikitile aliwagawia wananchi maji lakini hayakutosha, ndipo vita ikatokea." Shule yenyewe bomba linatoka mara moja kwa wiki. Mtoto wa pale ukimwambia watu walipigana kwa sababu ya maji, hana swali la kuuliza.

Msomaji wa Soweto #21

Ndizi, hapo unakubaliana na Parachichi kwamba mtoto anajaza kwa maisha ya kwao. Ulianza na maneno magumu. Umehama?

Ndizi za Tukuyu #22

Sijahama, nimetembelea.

Dereva wa Bajaji #23

Wakuu, nyote mnazunguka. Mimi nilisoma shule ya kata, kitabu kimoja wanafunzi kumi. Tulikuwa tunasoma madesa, nakala ya nakala ya nakala, imefifia mpaka unasoma kwa kubahatisha. Desa letu liliandika Vita vya Lugalo 1891, ila kwenye nakala tisa na nane zilibadilishana nafasi, sijui nani alilinakili kwa mkono kwanza. Darasa zima tuliandika Mkwawa alimpiga Zelewski mwaka 1981. Rafiki yangu mmoja akaona haikai sawa, akaongeza ufafanuzi: "Wakati huo Rais alikuwa Mwalimu Nyerere lakini hakuingilia kati."

Hiyo nayo utasema ni maisha ya kwao? Mashine ya kunakili ndiyo mkosaji.

Kalamu Nyekundu #24

HAKUINGILIA KATI! Nimesimamisha kazi. Jirani kaja kuuliza.

Chaki ya Kihesa #25

Dereva, huyo rafiki yako yuko wapi sasa? Huyo ni mwanahistoria. Aliona tarehe haikai, akatafuta maelezo.

Dereva wa Bajaji #26

Yuko Tunduma, anabadilisha hela.

Mama Pacha #27

Sasa huyo Zelewski nilisikia wenyeji walimwita Nyundo, ni kweli au ni makosa mengine ya watoto?

Mzee wa Ipogolo #28

Kweli kabisa mama, Nyundo lilikuwa jina lake huku. Kwa ukali, si kwa ufundi. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kusoma kwamba "Wahehe walimuua fundi seremala wa Kijerumani". Mtoto amechukua ukweli mmoja akaujengea nyumba nzima.

Baridi ya Makete #29

Mimi nasoma kimya kimya tangu mwanzo, ila lazima niseme hili la Kilimanjaro. Kuna mwanafunzi wangu aliandika kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser (mfalme) wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya umepinda. Hilo nilimpa alama zote, ni kweli na linachekesha pia.

Msomaji wa Soweto #30

Makete, pole. Hilo si kweli. Mlima uliangukia upande wa Wajerumani katika makubaliano ya 1886. Wilhelm huyo mjukuu amekuwa Kaiser 1888. Zawadi imetolewa miaka miwili kabla mwenye kupewa hajakalia kiti?

Baridi ya Makete #31

Mimi nilifundishwa hivyo na mwalimu wangu. Na mwalimu wangu alifundishwa na wake.

Konda wa Uyole #32

Nakala ya nakala ya nakala. Dereva wa Bajaji chukua kombe.

Parachichi la Njombe #33

Songea mmeisahau. "Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Baada ya hapo alipandishwa hadhi kuwa manispaa."

Mwaka kapatia kabisa. Wangapi humu wanaujua huo mwaka bila kuangalia mahali?

Nilifaulu kwa Bahati #34

Na Isimila? Mdogo wangu aliandika kwamba watu wa kale wa Isimila waliacha shoka zao za mawe wakahama "baada ya eneo kutangazwa hifadhi". Kijijini kwa mjomba wetu watu waliambiwa wahame kwa sababu kama hiyo, kwa hiyo narudi kwa Parachichi.

Halafu kuna yule wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliona 1914–18 ubaoni akadhani ni matokeo ya mechi. "Wajerumani walifungwa kwa tofauti ya nne." Ya Pili 1939–45, "wakafungwa sita". Anasema ya pili walicheza vibaya zaidi.

Kalamu Nyekundu #35

Kwa kuwa mmetaka sababu, ya kwangu bado ni lugha. Sasa hivi Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili. Nilitegemea Skrambo afe. Amekufa kweli. Nafasi yake wamekuja hawa wa mamboleo na poa. Kwa hiyo nusu ya hoja yangu naiondoa, nusu naibakiza kwa heshima ya miaka tisa.

Ndizi za Tukuyu #36

Na Carl Peters je, yule Mjerumani wa mikataba? Wangu kaandika kwamba machifu wa Usagara waliibiwa ardhi kwa sababu "hawakusoma vigezo na masharti". Mikataba ya mwisho wa 1884, kwa lugha ambayo hawakuijua, halafu siku moja tu baada ya Berlin kufungwa Peters anapewa hati ya Kaiser. Nimekaa na hiyo karatasi wiki nzima. Vema au mkasi?

Msomaji wa Soweto #37

Vema.

Baridi ya Makete #38

Mkasi. Ungeambiwa "hawakuweza kusoma", siyo "hawakusoma". "Hawakusoma" inawalaumu wao.

Msomaji wa Soweto #39

Makete umeanza kuamka. Hapo nakubali umenishinda.

Chaki ya Kihesa #40

Wakuu, nimemwita yule kijana wangu leo mapumziko. Nikamuuliza kwa upole, mwanangu, "kazi yake: fuvu" ulimaanisha nini? Kaangalia chini, kisha akasema:

"Mwalimu, nilitaka kuandika mtawala, nikaona hiyo ni cheo. Halafu nikakumbuka tulipoenda Kalenga, tulilipa kiingilio, tukapanga foleni, tukamkuta yuko kazini."

Mzee wa Ipogolo #41

Hapana. Hapana jamani.

Konda wa Uyole #42

Tangu 1954 hajapata likizo!

Mama Pacha #43

Mwalimu, umempa ngapi?

Chaki ya Kihesa #44

Nusu alama. Kapokea bila kubisha. Karatasi nimebaki nayo, umeme ukirudi naipiga picha naiweka hapa, nitaziba jina.